Mama Mkwe, Nilisema Chomeni Sindano

Mama mkwe wangu, bibi yake Nyanjige,

Naanza kwa kukusemesha moja kwa moja, jambo ambalo ulipokuwa hai tusingethubutu. Desturi yetu ya ukwe uliishika kuliko mimi: mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, haingii jikoni kwake, na wakikutana njiani mmoja anajitosa kwenye shamba la pamba. Kwa hiyo sura yako sikuijua vizuri. Sauti yako niliijua sana, maana ilinijia kupitia ukuta, na mara nyingi ilikuwa inanicheka.

Unaikumbuka siku ya stovu? Ndio kwanza mmehamia kijiji cha ujamaa, kule Bunda, ng'ambo ya Kabasa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati ya darasani kwangu. Binti yako Nyangeta alikuwa amekuja kwako kujifungua mtoto wetu wa kwanza, Nyanjige. Miezi mitatu ikapita, na mimi huko Kigera, Musoma, nakula viazi vilivyochemshwa vibaya na mimi mwenyewe. Nikatuma salamu kwamba nakuja kuwachukua. Jibu lako lilifika Musoma haraka kuliko basi: "Mwambieni mwalimu, mjini kwake kuni hakuna. Mjukuu wangu ataogeshwa maji yaliyopashwa na nini? Nikiuona moto wake kwa macho yangu, atawachukua. Nisipouona, wanabaki hapa mpaka mtoto amalize kuota meno."

Nikanunua stovu ya pampu, mpya, ya shaba, inang'aa. Ndani ya basi niliipakata kama vile mimi ndiye niliyejifungua. Ukweli ambao sikuwahi kukuambia, mama, ni kwamba nilikuwa sijaiwasha hata mara moja. Karatasi ya maelekezo niliisoma nusu. Nusu nyingine muuza duka alikuwa ameshafungia karanga.

Wewe na Nyangeta mkaingia nayo jikoni, mtoto mgongoni kwa mama yake. Mimi nikawekewa kigoda nje, nyuma ya ukuta, pamoja na baba mkwe. Ukasema utaiwasha wewe kwa mikono yako, usije ukaonyeshwa mazingaombwe ya mtu na mkewe. Na kwa kuwa hukutaka kunisemesha mimi, ukausemesha ukuta.

"We ukuta, hiki kidude kinaanziwaga wapi?"

"Ukuta unasema," nikajibu, "mimineni spiriti kwenye kile kikombe kidogo chini ya kichwa, muiwashe, msubiri kichwa kipate moto. Halafu mkaze skrubu ya hewa, mpige pampu."

Ukapiga. Fyo, fyo, fyo. Stovu ikakohoa mara mbili, kama mzee anayetaka kuchangia hoja mkutanoni, halafu ikanyamaza. Moshi ukatoka mlangoni. Mtoto akapiga chafya.

"Ukuta," ukasema, "huko Musoma mnapikiaga hivihivi, bila moto?"

Baba mkwe alicheka mpaka ugoro ukamwagikia kanzuni. Nilijua kosa ni langu: mafuta ya taa niliyatia kwenye chupa niliyoiokota bila kuisuuza, na mchanga umeziba kile kitundu cha kichwani. Dawa yake ni kukizibua kwa sindano ya stovu, kale kawaya kembamba kama unywele kanakoshikizwa kwenye kipande cha bati. Ilikuwa moja tu, imekuja na stovu yenyewe. Basi nikatoa sauti ya darasani, ile ninayoitumiaga nikiwa sina uhakika:

"Kitundu kimeziba. Chomeni sindano!"

Nikasikia makaa yanachokorwa mafigani.

"Ukuta," ukasema baadaye, "imeshakuwa nyekundu."

"Nini?"

"Sindano. Si tumeichoma? Sasa inapinda. Ee! Imekatika."

Mama, haki ilikuwa yako. Muhindi tunachoma, samaki tunachoma, na nani angejua kwamba mara hii kinachochomwa ni kitundu? Mimi ndiye niliyesema choma bila kusema kichomwe nini, kwa kitu gani. Na mimi ni mwalimu wa Kiswahili! Mwanafunzi angeandika hivyo ningemnyima alama zote.

Nyangeta alicheka mpaka akakaa chini, nilimsikia. Halafu akaacha kucheka ghafla. "Baba Nyanjige, sindano nyingine unayo?"

Sikuwa nayo. Nikaona mke na mtoto wanabaki, na mimi narudi kwenye viazi vyangu. Macho yakatua kwenye baiskeli ya baba mkwe, imeegemea ukutani. Nikaisogelea, nikaanza kuufumua waya.

"Mwalimu, hiyo ni breki."

"Natoa uzi mmoja tu, baba."

"Breki ni breki."

"Baba, ni mke wangu."

Akapangusa ugoro kanzuni. "Basi chukua ya nyuma."

Nikaupenyeza ule uzi kwenye kidirisha. "Ingizeni juu chini, taratibu, kama mnatoa mwiba." Mkarudia spiriti, mkarudia pampu, na safari hii stovu ikanguruma, na kwenye ufa wa ukuta nikaona rangi ya bluu. Ulipiga kigelegele, mama, majirani wa mistari miwili wakatoka nje. Kisha ukatoa hukumu:

"We ukuta, mwambie mwalimu moto nimeuona. Amchukue mkewe na mwanawe. Stovu inabaki."

Tukarudi Kigera na mtoto, bila stovu. Nyangeta alicheka tangu Bunda mpaka stendi ya Musoma.

Ndipo salamu zikaanza. Kila baada ya mwezi au miwili: stovu imeziba, mwalimu aje aitengeneze, na asisahau kuja na Nyanjige. Nami nakuja na sindano zangu. Napitishiwa stovu nje, nafungua kichwa, nasugua, naipaka samli ngozi ya pampu isikauke, na huko ndani nakusikia unamwimbia mtoto na kumlisha karanga alizokatazwa na mama yake. Sikuwa na haraka. Nilikuwa naikaza skrubu moja mara tatu.

Sasa Nyanjige yuko darasa la sita na ana mdomo kama wako. Tangu tukuzike, hakuna anayetuma salamu kutoka Bunda, na mwisho wa mwezi nyumba yetu inakuwa kama imesahau kitu.

Lala vizuri, mama. Moja tu nikuambie kabla sijakunja karatasi. Kila nilipoifungua ile stovu, kitundu kilikuwa safi, na tangi lilikuwa na mafuta yaleyale niliyoyatia mimi safari iliyopita. Nililijua hilo tangu mara ya pili. Niliendelea kuja.

Mkweo,
Baba Nyanjige