Meno Manne ya Mama, na Sita Mnayotaka Kutoa

Kaka Lemayian,

Jumamosi iliyopita Mama alipoteza meno manne kwa fundi wa kung'oa meno hapo sokoni Noonkopir, na mimi nimejua kupitia picha ya binti yako Silantoi akijaribu gauni la harusi, Mama nyuma yake ameziba mdomo na leso. Rangi ya gauni mliniuliza. Meno hamkuniuliza.

Supa kwenu hata hivyo, salamu ni salamu. Natumaini duka la gesi linaenda na ng'ombe wamepata nyasi. Mimi niko mzima, ni baridi tu. Nimeandika kwa sababu kwa simu unanikatiza, halafu unasingizia network.

Mama alinitumia sauti. "Nasieku, nilidhani anatoa moja. Nikamwuliza yule fundi, wewe, unavuna mahindi ya Entarara? Akacheka, akaendelea." Nilicheka pia, kisha nikakosa usingizi.

Utetezi wako ulishanipa: "Mama alitolewa mawili ya chini akiwa mtoto, kama wazee wote wa kwetu, na si amekula nyama mpaka leo?" Ni kweli. Lakini ule ulikuwa ufizi mzima, ukafunga na kupona. Huu wa leo unatoka damu akila ugali tu. Kwa sababu ya yale mawili, sisi wote tumekua tukiamini ukitoa jino umemaliza maneno.

Kazi yangu huku unaijua kwa jina. Nilianza nikiosha vyombo vya maabara. Sasa nakata vipande vya ufizi, vyembamba kuliko karatasi, na kuvitia rangi ili vipokezi vya kinga vionekane. Vipokezi ni kama mbwa wa boma. Mtu huzaliwa navyo, na harufu ya fisi vinaijua bila kufundishwa. Hata ufizi mzima uko navyo, maana mdomo haukosi vijidudu. Hapo mbwa wanabweka kidogo, wanalala. Kwa ufizi mgonjwa, rangi naikuta imejaa. Ukoga umeganda chini ya ufizi, mbwa hawanyamazi, askari wa mwili wanakuja bila kupumzika, na kwa fujo hiyo mfupa ulioshika jino unaliwa. Ndio maana jino linatikisika. Ukitoa jino na kuacha ukoga kwa majirani zake, umefukuza mbuzi na fisi amebaki ndani.

Sasa piga hesabu na mimi. Baada ya yale mawili ya utotoni alibaki na thelathini. Uzee ukachukua matano, ishirini na tano. Wewe umetoa manne, ishirini na moja. Jumamosi hii unataka kutoa sita ili awekewe ya bandia kabla ya harusi: kumi na tano. Na hayo kumi na tano yamesimama juu ya ufizi uleule. Utayatoa lini?

Sisemi hakuna jino la kutolewa. Huenda mawili, huenda yote sita. Huo uamuzi ni wa daktari wa meno, aliye na picha ya mfupa, si wa fundi na koleo. Asafishwe chini ya ufizi kwanza. Apimwe sukari, maana hiyo kiu yake ya kila saa siipendi. Na ule ugoro auache. Mwambie ni mimi nimesema, anikasirikie mimi.

Msalimie wifi Naisula, anayempikia Mama uji sasa. Msalimie bibi harusi, na mjomba wetu wa Oltepesi.

Msomee Mama barua hii kwa sauti, yote. Kisha unijibu kabla ya saa mbili usiku, Alhamisi: utampeleka kwa daktari wa meno Kajiado, ndiyo ama hapana? Usiniambie "tutaona."

Dada yako,
Nasieku