Tanipu Hazihamii Dublin

Cloonagh,
Karibu na Boyle,
Kaunti ya Roscommon,
Ayalandi.

Jumatatu, 4 Novemba 2013.

Mpendwa mdogo wangu Attracta,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, na si juu ya ngazi ukipaka rangi madirisha. Goti linaendeleaje? Na shemeji Desmond, kifua chake kimeachia? Nasikia huko Perth jua limeshaanza kuwachoma. Huku kwetu mvua haijui kupumzika, majani yote yamepukutika yakaziba mfereji wa uani, na saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Ndivyo ninavyopenda mimi.

Mimi ni mzima. Naandika kwa wino mweusi ili usome vizuri: mzima, nakula, nalala, nakwenda dukani na kurudi kwa miguu yangu mwenyewe. Nasisitiza kwa sababu najua umeambiwa mengine.

Sasa tuje kwenye yale ya simu. Uliniambia, "Dada, mkubalie kijana wako, umri umekwenda." Nilikuaga kwa adabu, nikaweka simu chini, nikaenda kuongea na kuku, maana wao hawanishauri. Siku ile sikukujibu. Nakujibu leo.

Unajua jinsi Fintan alivyobadilika tangu niteleze kwenye ngazi ya mlango wa nyuma mwezi wa pili. Nililala pale uani kwenye baridi mpaka Jarlath akanisikia, sikatai. Tangu hapo mwanangu hakuwa mwanangu tena, alikuwa polisi. Akanitafutia chumba katika nyumba ya kutunzia wazee, kule Dublin karibu na kwake. Kina zulia, kina joto mchana na usiku, na kuna msichana wa kukukatia nyama kwenye sahani. Nyama yangu, Attracta. Mimi niliyechinja mabata mzinga ya Krismasi ya kitongoji kizima.

Kila nikifungua mdomo alinikatisha. "Mama, ngoja nimalize." Hakumaliza. Mwisho akaniambia, wala hakuniuliza: "Ijumaa baada ya Halowini nakuja na gari. Funga vitu vyako."

Sikufunga hata soksi. Nilivaa koti nikaenda kwa Jarlath Tansey, yule jirani yetu mseja, nikamwomba tanipu, ile mizizi ya duara anayolishia kondoo. Akauliza nataka ngapi. Nikamjibu, zote ambazo kondoo wake wako radhi kunisamehe. Aliniletea toroli limejaa, matope na yote, akazimwaga mlangoni.

"Bi Concepta, si nasikia unahama?"

"Nani kakwambia?"

"Fintan."

"Basi mwambie Fintan ahame yeye."

Akacheka mpaka kofia ikamvuka. Yule mtu hajabadilika, bado ananyoa ndevu siku za misa tu.

Wiki hiyo hiyo likaja boksi kutoka kwa mkwe wangu Sorcha, mke wa Fintan. Ndani kuna maboga ya plastiki yanayowaka kwa betri, na utando wa buibui wa kupuliza kutoka kwenye kopo. Ameandika na kikaratasi: ni ili nisijikate na kisu. Sorcha ana moyo mzuri, simsemi. Maboga nimeyaweka kwenye banda la kuku, na kuku mwekundu ameshataga ndani ya moja. Kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Tanipu nilizichonga mwenyewe ziwe taa za Halowini, kama tulivyofanya utotoni. Umesahau zilivyo ngumu? Boga unalifungua kama mkate, lakini tanipu inakupiga vita. Nilitumia kile kijiko cha mama kilicholika upande mmoja, nikakwangua mpaka mikono ikavimba. Kidole nilijikata, ndiyo. Nikakifunga kitambaa nikaendelea. Nilizipa sura mbaya mbaya, meno huku, jicho moja juu, moja chini, na moja nimeipa pua ya padri wetu wa zamani, Mungu amrehemu. Kisha nikazipanga juu ya ukuta wote wa barabarani, kutoka lango hadi banda. Mshumaa ukishika moto ndani, kile kifuniko cha tanipu kinaanza kuungua taratibu, na ile harufu yake unaijua. Nilisimama pale nje nikainusa, nikakukumbuka mpaka nikakukasirikia upya.

Dervla wa dukani alipita na baiskeli akasimama. "Bi Concepta, haya yote ni ya nini? Unajenga jeshi?"

"Ndiyo. Na wewe utashika zamu Alhamisi. Uje na uso umefunikwa."

Nilioka na ule mkate wa zabibu, zabibu zimelala kwenye chai usiku mzima kama inavyotakiwa, nikaficha ndani pete ya atakayeoa, kitambara cha umaskini na kijiti cha ugomvi. Viazi nikaviponda na kabichi, katikati nikafanya kisima cha siagi. Kama ni mara ya mwisho, nilijiambia, basi hawatasema Concepta aliondoka jikoni kwake kama mwizi.

Alhamisi jioni, Halowini yenyewe, wakaanza kuja. Siku hizi watoto wengi wanavaa vitu vya dukani na wanapiga kelele toka langoni, nawapa karanga na matufaha wanakwenda zao. Lakini wakubwa wa Cloonagh bado wanakuja kama zamani: koti limegeuzwa ndani nje, uso umefunikwa na kitambaa au kinyago cha mabua, na hakuna kufungua mdomo mpaka mwenye nyumba akutaje jina. Akikosea, unaendelea kuwa bubu. Nilimjua Dervla kwa kikohozi. Mama mkwe wa fundi bomba nilimjua kwa viatu, maana nilimuuzia mimi kwenye mnada wa kanisa. Jarlath hata hakujificha, alikuja na mbwa wake.

Alibaki mmoja, karibu na mlango. Mrefu, koti la zamani limegeuzwa, kinyago cha mabua mpaka mabegani, miguuni mabuti ya mpira ya Jarlath. Alikuwa amesimama uzito wote kwenye mguu wa kushoto, mikono nyuma, mmoja umeshika mwingine kifundoni. Attracta, hivyo ndivyo marehemu mume wangu Malachy alivyosimama kwenye misa maisha yake yote. Na mtu mmoja tu duniani karithi kusimama kule, na nilimzaa mimi.

Alitakiwa aje kesho yake. Sijui alikuja kunivizia aone kama nashika visu na mishumaa, au Jarlath ndiye aliyemtia maneno. Sijauliza. Jina lake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndipo nikakumbuka kwamba nikilitaja tu, ataanza kusema. Na nisipolitaja, hana ruhusa.

Nikalimeza.

"Wewe ni yule mleta barua mpya," nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Basi ni mganga wa mifugo." Akatikisa tena. Dervla akaanza kucheka, Jarlath akamkanyaga mguu.

"Umenishinda, mgeni," nikasema. "Keti hapo, kula, nikusimulie habari za mwanangu. Humjui. Anakaa Dublin."

Akaketi. Nikamkatia kipande cha mkate, nikavuta kiti mbele yake, nikayatoa yote. Nakuandikia jinsi nilivyoyasema, maana yanakuhusu na wewe.

"Mwanangu ni mtu mzuri," nikamwambia, "ila ana haraka. Mimi nilianguka kwenye ngazi. Lile jiwe linacheza tangu baba yake yuko hai, na kila Pasaka mwanangu anasema, Mama, nitalishughulikia. Haya. Kilichoharibika ni ngazi, anayeng'olewa ni mimi. Wewe mgeni, hilo unalielewa? Maana mimi limenishinda.

"Najua anaogopa. Simu ikilia kule kwake usiku, moyo unamruka. Mimi hofu hiyo naijua kabla yake. Alipokuwa kijana alinunua pikipiki, na barabara hii ilikuwa na barafu, na mimi nilikaa pale dirishani miaka. Je, nilimfungia chumbani? Nilimwekea zulia? Nilimpikia chakula nikakiweka kwenye moto, nikangoja. Basi na yeye aningojee. Ni zamu yake.

"Huenda nikaanguka tena. Huenda nikafia hapo uani, na kuku wakawa wa kwanza kujua. Sawa. Lakini kule anakonipeleka, mgeni, nani atanibishia mlango akiwa amefunika uso? Nani nitamjua kwa viatu vyake? Nitakaa salama salimini, na hakuna hata mtu mmoja nitakayeweza kumtambua. Mimi siendi. Akitaka kunibeba, anibebe na kiti, na ahakikishe majirani wote wanaona."

Jikoni kila mtu kaangalia kikombe chake. Mgeni wangu hakusogea. Mabua ya usoni yalikuwa yakienda mbele na nyuma kwa pumzi. Nilimwonea huruma, ni mwanangu, lakini sikumtaja. Kisha akainua kinyago kidogo, akatia mkate mdomoni, akatafuna, akasita. Alikuwa ameuma pete.

"Mgeni ana bahati," Dervla akasema. "Ila mkewe asisikie."

Hapo tukacheka wote, nikampa mgeni karanga nyingi kuliko mtu yeyote, maana ndiyo haki ya asiyetambuliwa, na akatoka na wenzake bila neno.

Ijumaa asubuhi gari likaingia langoni taratibu, kana kwamba limetoka Dublin sasa hivi. Fintan akaingia, akanibusu. Bua moja lilikuwa limemganda kwenye kola.

"Hujambo, Mama. Ulilala salama?"

"Sijambo. Njia ilikuwaje?"

"Nzuri."

Nikamimina chai. Begi halikuwepo mlangoni, wala hakulitafuta kwa macho. Alikunywa, akatazama nje kwenye ukuta wa tanipu zangu, zimeshaanza kukunjamana mashavu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa pete, akaiweka kando ya kisahani changu.

"Jarlath ana saruji?" akauliza.

Amekaa siku zote tatu. Ngazi imevunjwa na kujengwa upya, na pembeni amenifungia chuma cha kushikia. Chuma hicho nimekikubali, msije mkasema mimi sisikii. Kile chumba cha Dublin amekipigia simu mwenyewe, mbele yangu, akasema hatukihitaji.

Jana jioni wakati wa kuondoka alikaa ndani ya gari, injini inanguruma, hafungi dirisha.

"Mama, ile Alhamisi. Ulinijua?"

"Kukujua wapi? Alhamisi si ulikuwa Dublin."

Akatikisa kichwa kama alivyofanya nilipomwita mganga wa mifugo, akaondoka.

Sasa wewe, uliyesema nimkubalie, mwakani nakutaka hapa, goti na yote. Tanipu yako nitakuwekea, utaichonga kwa kijiko cha mama.

Nisalimie shemeji Desmond, Gobnait na wanawe, na yule Colman asiyeandika. Jarlath anakusalimu, ingawa alitumia maneno mengine. Mungu akulinde wewe na miguu yako, akuweke hai mpaka tugombane ana kwa ana. Ukipiga simu na nikachelewa, usimpigie Fintan. Iache ilie. Saruji bado mbichi, nazunguka kwa mlango wa mbele.

Dada yako akupendaye hata ukikosea,

Concepta.