Mahali Pasipo na Jina

Jumapili, mwezi wa tisa. Ni mwaka wa nne tangu nitoke nyumbani Butiama, na mwezi wa tano tangu wakuzike bila mimi.

Mama,

Niko Lindi. Natoboa miamba kwenye mtambo wa kutafuta madini, na mgongo umekwisha. Ndiyo, Lindi. Ningekuambia ukiwa hai.

Juzi bosi wetu Mzungu alipoteza spana, akasema iko "someplace". Nikamuuliza mwendesha mtambo maana yake. Akasema, "Ni mahali fulani. Unalitumia kama hujui kitu kilipo, au unajua ila hutaki kusema. La maongezi tu hilo, kwenye ripoti usiliandike." Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Wenzangu walidhani nimejiponda kidole.

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwako. Nilipoachishwa kazi kwenye kiwanda cha pamba Bunda, niliingia mashimo ya dhahabu ya Buhemba, yale uliyonikataza tangu kifusi kilipomfunika baba. Ukipiga simu nasema, "Niko mahali tu, Mama, niko salama." Nawe: "Mahali gani hapo pasipo na jina? Hata zizi la mbuzi lina mwenyewe! Unakulaga nini huko?" Nacheka, nakata simu. Nikaja huku kusini, nikabadili laini, nikawa nakupigia kwa simu za kuazima tu, jibu lile lile.

Ulipoanguka, mdogo wangu Magesa alinitafuta Bunda siku mbili, kiwandani na stendi. Huko akasikia nilihamia Buhemba, akaenda shimo kwa shimo, akiita jina langu. Ananiambia uliuliza mara tatu, "Kaka yako yuko wapi?" Naye akakujibu, "Yuko mahali, Mama."

Mama. Mama yangu.

Nilipiga wiki mbili baadaye, kukusalimia tu. Simu yako akapokea Magesa.

Kaburi hawajalisakafia. Wazee wamekataa, kwa kuwa mzaliwa wako wa kwanza hajatupa udongo wake. Mvua ikinyesha linatitia, Magesa anarudishia kwa jembe. Peke yake.

Nimempa jina la kijiji hiki, la kambi, na namba ya msimamizi. Sitamficha tena mtu wa kwetu nilipo. Nakuahidi.

Pumzika, Mama. Mkataba unaisha mwezi wa kumi na moja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili nitashuka Bunda asubuhi, na kabla jua halijazama nitakuwa Butiama, nyuma ya nyumba, upande wa mihogo, pale pale ulipo.