R ya Eckart

Lindenweg 9,
Göttingen.
12 Mei 2018

Mpendwa dada Gundula,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kifua chako kinaendeleaje na baridi inayoanza huko Valdivia? Usiache kujifunika shingo. Sisi tu wazima, na safari hii nasema hivyo bila kukuficha kitu.

Nakuandikia hasa kukushukuru. Unajua kiharusi kilimwachia Eckart mikono na miguu, kikaondoka na R. Hii R yetu ya Kijerumani, ya kooni, ikawa pumzi tupu. Mimi Rosel nikawa “Hosel”, kana kwamba mume wangu anaita “Hose”, suruali yake. Wajukuu walicheka, naye akacheka nao. Lakini siku alipoagiza mkate na muuzaji akamwigiza mbele ya watu, alirudi mikono mitupu. Tangu hapo akanyamaza. Mtu aliyeongoza kwaya ya kanisa akawa anaonyesha chumvi kwa kidole. Hata kwa Bi Aylin, mtaalamu wa matamshi, akakataa kwenda.

Ndipo ukapiga simu ile Jumapili. Niliwasikia wote wawili.

“Shemeji, hata mimi huku wananicheka. R yao ya Kihispania ni ya ncha ya ulimi. Yangu wanasema ni ya mtu anayesukutua.”

“Unawajibu nini?” akauliza polepole.

“Nawaambia wangoje nimalize kusukutua.”

Alicheka mpaka akafuta macho. Kesho yake akachukua kofia, akaenda kwa Bi Aylin bila kusukumwa.

Huko aliambiwa asukutue kweli: kichwa nyuma, maji ya uvuguvugu, koo litetemeke. Kisha maji kidogo, kisha mate tu. Jikoni kwangu palikuwa panalowa kila asubuhi, na mara nyingine alitupa kikombe kwa hasira. Bi Aylin hakumharakisha hata mara moja. Namwombea kila jioni.

Jumanne nilikuwa namenya viazi, nimegeukia dirisha.

“Rosel, maziwa.”

Nikaganda na kisu mkononi.

“Rosel, yanafurika. Umeziba masikio?”

Yalimwagika yote, dada, jiko likanuka kuungua. Mimi sikugeuka. Nilitaka aniite tena.

Akichoka bado R humponyoka, na huenda isirudi yote. Hatudai zaidi.

Msalimie shemeji Ignacio, na Matilde wenu mbusu kwa niaba yangu. Mungu akupe majira ya baridi mepesi na usingizi mwema. Jumapili ukipiga simu, usishangae kutonisikia mimi kwanza. Eckart amesema atapokea yeye.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Rosel