Mteja Niliyemkimbia

Jumatatu, 5 Aprili 1993

Ofisi ya parokia tena, Nyamasaria. Nimepangusa kioo cha kompyuta, nimewasha, nimengoja. Padri ameniruhusu kuitumia likizo hii. Mwisho wa mwezi ataangalia. Nikiwa nimemwandikia mtu programu inayomfaa, nitaendelea kuja kila Jumamosi. La sivyo, mashine inabaki kwa karani.

Wateja ni wawili. Muda unatosha mmoja. Bwana Ouma ana nyumba ya wageni, anataka programu ya kupanga vyumba. Mama Zainabu wa mtaa wa Manyatta anakodisha mahema na sufuria za matanga na harusi. Juzi aliahidi hema moja kwa matanga mawili.

Jumanne, 6 Aprili

Mama Zainabu alikuja. Maswali asubuhi nzima.

“Na mazishi yakisongezwa mbele, juu ya vile mtoto wa marehemu hajafika kutoka Nairobi, hii tivii yako itajua?”

Nikasema nitaandika.

“Na tenti ikirudi imelowa? Utaipeleka harusi kesho yake inuke uvundo, bibi arusi azimie?”

Karani alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitazama vidole vyangu. Masikio yaliwaka.

Jumatano, 7 Aprili

Bwana Ouma. Tai, viatu vinang'aa. Hakuuliza kitu. “Wewe ndiye mtaalamu, binti yangu. Fanya vile unaona.” Akaenda zake. Nilijiona mtu mzima.

Alhamisi, 8 Aprili

Mama Zainabu tena. Amebadilisha yale ya Jumanne. Sasa mahema yaliyochanika yatengwe na mazima.

“Mbona unaniogopa? Mimi nauma?”

Nimeamua. Mteja mgumu ni huyu, asiyenyamaza. Nimemwomba karani amwambie sina nafasi. Mwenyewe sikuthubutu. Nilijificha stoo hadi sauti yake ikaisha.

Jumanne, 13 Aprili

Amani. Kazi ya Bwana Ouma inakwenda. Vyumba vyote vinaonekana, na aliyelala kila kimoja.

Jumatano, 21 Aprili

Nimempelekea Bwana Ouma ujumbe aje atazame. Yuko kikaoni. Mara ya pili, yuko Busia. “Endelea tu.” Kuna mambo sijui. Nakisia. Ningeweza kwenda kwake kuuliza. Nimefika mpaka geti, nikarudi.

Ijumaa, 30 Aprili

Amekuja. Padri alikuwepo. Bwana Ouma alitazama kidogo tu.

“Hii si ile nilikuwa nafikiria.”

Nilimuuliza alikuwa akifikiria nini.

“Wewe ungejua. Si wewe ndiye mtaalamu?”

Kumbe kwake wageni hukodi vitanda, si vyumba. Watu wasiojuana hulala chumba kimoja. Programu yangu inakataa mgeni wa pili. Haifai. Yeye hakuuliza kwa sababu hakujali. Mimi sikuuliza kwa kuona haya.

Padri alinishukuru kwa upole. Kompyuta ni ya karani.

Nimelia chooni.

Jumamosi, 1 Mei

Nilikuwa ufukweni Dunga na mama, tukiuza samaki, ngege. Waliowageuza samaki, wakafungua mashavu na kusema “huyu amelala tangu jana, mama, unatuchezea”, ndio walionunua. Aliyesema “samaki safi sana” alipita bila kusimama. Nimeona hivyo tangu utotoni. Sijui kwa nini nilipoingia ofisini nilisahau.

Jumapili, 2 Mei

Shule inafunguliwa kesho. Baada ya misa nilikwenda Manyatta peke yangu. Mama Zainabu alikuwa uani, mahema yameanikwa juu ya ua. Nilimwomba msamaha. Nilisema vibaya, kwa haraka, nikitazama chini.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

“Nilikuja kila mara juu nilikuwa naitaka hiyo programu,” alisema. “Nikadhani hunipendi.”

Nilimwambia mashine sina tena. Akanivutia kiti, akanimiminia chai. Halafu akaanza upya: na mtu akichukua sufuria kumi arudishe nane? Na akifa mwenye kukodi?

Nilikaa mpaka chai ikaisha. Nilimjibu yote.