Mbuzi Mbili

Kasongo, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kwa binti yangu Hidaya,

Salamu mingi sana. Uko muzima? Wajukuu wangu wako wazima? Mashini yako ya kushona inatembea? Miye niko muzima, ni mugongo tu na jicho la kushoto, lakini la kuume linaona mpaka ng'ambo ya soko. Na barua hii ninaandika kwa mukono wangu, hakuna mutu amenishikia kalamu. Wazee wenzangu wote pa musikiti wanatia dole gumba, miye ninaandika. Unajua.

Sasa unisikilize. Kamaldine wa pikipiki ametoka kwenu Kabambare, amekunywa chai hapa kwangu, na kati ya chai na mukate akaniambia kwamba umenyoa kichwa. Nikamuuliza kichwa cha nani. Akasema cha Hidaya, nimekiona kinang'aa. Akasema ulikaa pa mukeka katika kilio cha Marie-Thérèse, si kwa wageni, ulikaa na watoto wa marehemu, bega kwa bega na ile Estelle yake, na watu wakakupa pole wewe wa kwanza.

Marie-Thérèse ni nani kwako? Alikuwa rafiki ya mama yako, basi. Mama yako Subira iko hapa Kasongo, kaburi lake ninalifagia kila Ijumaa. Alipokufa haukunyoa. Leo umenyolea mutu asiye wa dini yetu wala wa damu yetu, na miye pa baraza wananiuliza, Muzee Mahamudu, binti yako amefiwa na nani?

Usisahau wewe ni nani. Siku ya akika yako, ulipotimiza siku saba, nilichinja mbuzi mbili. Mbili, kwa mutoto mwanamke. Hakuna mutu katika Kasongo nzima aliyechinjia binti yake mbuzi mbili, isipokuwa miye. Funika kichwa, uje Idi hapa, uwaeleze watu kwa kinywa chako.

Miye baba yako,
Mahamudu wa vitambaa


Kabambare, tarehe 19 Februari 2024

Kwa Baba,

Salam alekum. Sisi tuko wazima, watoto wanakusalimia. Ile dawa ya jicho niliyokutumia usiache kuitia, na usimugawie mutu. Ninaandika kwa sababu kwa telefone unapiga kelele halafu unakata. Barua utaisoma mpaka mwisho, ninakujua.

Siku tatu kabla ya kufa, Mama Marie-Thérèse alituita miye na Estelle, akatukalisha chini. Ninaandika kama alivyosema: "Hidaya, Subira alikulea. Kukuzaa, nilikuzaa miye."

Mwaka wa 1977 mama alizalia hapa Kabambare, katika chumba mulichopanga kwenye kiwanja cha Mama Marie-Thérèse. Wewe ulikuwa Salamabila na vitambaa vyako. Mama alikuwa ameshazika watoto watatu, na wewe ulisema mbele ya watu kwamba huyu wa nne asipoishi utamurudisha mama kwao Nyangwe. Akazaa mwanaume. Wakakutumia habari kwa dereva wa lori. Siku ya nne kijana akafa.

Mama Marie-Thérèse alikuwa na binti wa mwezi mumoja, na mwanaume wake alishamukimbia. Alituambia kwamba yeye alikuwa tayari na Estelle, na mwenzake hakuwa na mutu. Akamupa yule binti, ndiye miye. Kijana wakamuzika nyuma ya jikoni, wakatangaza kwamba aliyekufa ni mutoto wa Marie-Thérèse. Basi yeye akakaa kilio cha mutoto aliye hai, anamusikia akilia katika chumba cha pili. Na mama hakuweza kutoa hata chozi moja la mwana wake.

Nilisema mugonjwa anaweweseka. Halafu nikakumbuka mbuzi zako. Nikaenda kumuuliza mwalimu wa musikiti wa hapa. Akanijibu kwamba mwanamke anachinjiwa mbuzi moja, mwanaume mbili, hata mutoto wa madrasa anajua. Maisha yangu yote niliamini ulichinja mbili juu ya kunipenda. Kumbe ulizileta za kijana.

Nina miaka arobaini na saba, baba. Watu wananiita pale sokoni, ninageuka nikijiuliza wanamuita nani. Estelle ni rafiki yangu tangu tuko na meno ya utoto, tunashona chumba kimoja, mashini zetu zinaangaliana. Tangu kilio hajasema na miye. Jana tu, bila kuinua macho, alisema: "Mama alikuwa anakupa kipande kikubwa cha samaki. Nilifikiri ni juu ya ugeni." Halafu akaendelea kukanyaga mashini.

Nina hasira na wale wanawake wawili kwa kunificha. Lakini hasira kubwa ni kwako, juu ya lile neno lako la Nyangwe.

Mutoto wako,
Hidaya


Kasongo, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Kwa Hidaya,

Salamu. Miye muzima. Chakula ninakula, usingizi hapana, na unajua juu ya nani.

Barua yako niliisoma nikaitupa, nikaiokota, nikasoma tena, nikaitupa. Mutu anayekufa anasema mambo mingi. Baba yangu miye siku anakufa alisema ana ngombe kumi na mbili, tukatafuta, hakuwa hata na kuku. Tulimuzika, hatukuenda kunyoa vichwa juu ya ngombe.

Na miye ni mutu wa kudanganywa? Uliza toka Kasongo mpaka Kindu. Wafanyabiashara walinifunga macho na kitambaa, wakaniwekea vitenge mukononi, nikaanza kusema, hiki cha Kinshasa, hiki cha Uholanzi, hiki cha uongo kitachuja maji ya kwanza. Sikukosa hata kimoja. Hakuna mutu aliyeniuzia kitu kwa jina la kitu kingine. Halafu wanawake wawili wa jikoni ndio wanibadilishie mutoto? Siku ya saba nilikushika na mikono hii. Nilikufungua nguo, nilikuosha mwenyewe, nikakuangalia toka utosi mpaka kidole cha mwisho. Ningejua.

Mbuzi zilikuwa mbili juu ya miye ni Mahamudu. Moja ni ya watu wa kawaida. Na huyo mwalimu wenu mwambie nilisoma msahafu yeye bado hajazaliwa.

Neno la Nyangwe nilisema, ndiyo. Sikumurudisha. Sasa kosa iko wapi?

Nywele ziachie ziote. Ninakungojea Idi.

Baba yako, hata ukinuna,
Mahamudu


Kabambare, tarehe 15 Machi 2024

Kwa Baba,

Salam alekum. Wote wazima hapa. Mvua imekata njia ya kwenda mashambani, tunakula mihogo mikavu. Natumaini mugongo umetulia.

Umeandika "ningejua". Nimekaa na hilo neno siku nne.

Nimezaa wanne, baba. Mutoto wa siku saba, kitovu chake bado kibichi. Wa mwezi kimeshapona, na macho yake yanamufuata mutu. Wewe unayetambua kitenge umefungwa macho, siku ile ulikuwa umeyafungua. Basi chagua. Kama ulidanganywa, uwaambie wale wazee wa baraza kwamba Mahamudu alidanganywa. Kama ulijua, uniambie miye. Yote mawili huwezi kuyakataa.

Mama aliishi na wewe miaka thelathini na zaidi akiogopa. Kila ulipoanza hadithi ya mbuzi mbele ya wageni, alikuwa anasimama kwenda kuangalia chungu, hata siku ambazo hakuna chungu kwenye moto. Niliona tangu utoto, sikuelewa. Na kwa nini Mama Marie-Thérèse hakukanyaga hata siku moja nyumba yako ya Kasongo? Alikuwa ananiomba nimuletee kitambaa cha kichwa cha mama, kilichovaliwa, kisichofuliwa. Na mama alikuwa ananituma huku kila likizo na chumvi, na dagaa, na maneno mingi ya kumufikishia. Marafiki wawili, na njia yao ilikuwa miye tu. Nani aliwakatalia kuonana?

Estelle amesema na miye. Alikuja na wembe, akasema nywele zinaota vibaya, nikae chini. Akaninyoa upya, halafu akanipa wembe, nikamunyoa yeye. Nilipomukata nyuma ya sikio alicheka, akasema kweli wewe ni ndugu yangu, rafiki hawezi kuniumiza hivi.

Usiponijibu lile neno sitakuja Idi, na sitaandika tena.

Hidaya


Kasongo, tarehe 13 mwezi wa ine 2024

Kwa Hidaya,

Salamu. Idi imepita, leo siku ya tatu. Nilitandika mukeka mupya, nikapikisha pilau, nikaweka sahani yako. Ilipoa na kifuniko juu. Watu walipouliza nilisema pikipiki imekwama kwenye matope. Wakati wa mvua watu wanaamini.

Usingoje niandike kitu kingine. Sina kitu kingine.

Baba yako ukitaka, usipotaka basi.
Mahamudu


Kasongo, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Kwa Hidaya,

Salamu kwako na kwa watoto. Na kwa yule Estelle. Miye niko muzima kidogo. Hii barua nimeandika siku tano, usicheke mistari, jicho la kuume nalo limeanza kunisaliti.

Nilijua.

Nilifika asubuhi ya siku ya saba na mbuzi zangu mbili kwenye lori, watu wameshaalikwa, wananiita baba wa kijana. Subira akaniambia dereva alikosea, ni binti. Nikakuchukua. Kitovu kilikuwa kimepona zamani. Ukaniangalia, nikaenda huku macho yako yakaja huku, nikaenda kule yakaja kule. Subira alikuwa anaangalia mikono yangu. Marie-Thérèse alisimama pa mulango, kifua cha nguo yake kimelowa maziwa, na yeye ni mutu aliyefiwa, wanasema. Sikuuliza. Nikatoka kama mutu anayeenda haja, nikaenda nyuma ya jikoni. Udongo ulikuwa mupya na mawe matatu juu. Madogo. Nilisimama pale.

Jina nilikuwa nimeshamuchagulia. Atumani.

Ningesema kitu, watu wangejua wanawake walinificha, na wangejua juu ya nini waliogopa. Lile neno la Nyangwe nililisema miye, mbele ya watu, nikicheka. Basi nikanyamaza, nikachinja. Kinywa kilisema Hidaya, moyo ulisema Atumani. Zile mbuzi zote mbili zilikuwa zake. Wewe haukuchinjiwa hata moja. Miaka arobaini na saba nimejisifia kwa mbuzi zisizo zako.

Subira alikufa akifikiri alinidanganya. Nilikuwa pembeni yake usiku na mchana, ningeweza kumuambia dakika moja tu, Mama Hidaya, nilijua, tulia. Sikusema. Niliona nikisema nitakuwa mudogo. Na ni miye nilimukatalia Marie-Thérèse kukanyaga hapa. Nilihama Kabambare juu yake. Kila nikimuona niliona maziwa pa nguo, nikakasirika, na sijui nilimukasirikia nini.

Usifikiri ninaomba musamaha. Sijui unaombwaje, na nimezeeka mno kujifunza.

Ijumaa nilichinja mbuzi moja. Miye mwenyewe. Vijana wakataka kunishikia kisu, nikawafukuza. Wazee wote wa baraza walikuwepo. Mwalimu akaniuliza akika hii ni ya mutoto gani. Nikasema ya Hidaya. Akaniuliza, si ulishamuchinjia mbili, Muzee, tumesikia maisha yetu yote? Nikasema zile zilikuwa za mwingine. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, Hidaya binti wa nani. Nikamujibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Wa Marie-Thérèse wa Kabambare. Miye nilimulea."

Walikula wakiangalia sahani. Tangu Ijumaa ninakaa pa baraza na hakuna anayeniuliza habari za vitenge.

Muguu mumoja wa ile mbuzi ameuchukua Kamaldine, nimeukausha kwa moshi usiharibike njiani. Tulikata kwenye viungo, hakuna mufupa uliovunjwa, ndiyo inavyotakiwa. Nywele zinazonyolewa siku ya akika, ulishanyoa mwenyewe.

Mahamudu


Kabambare, tarehe 1 Julai 2024

Kwa Baba,

Salam alekum. Tuko wazima. Nyama ilifika. Kamaldine aliniapia kwamba hakuionja, lakini mushipi wake ulikuwa na harufu ya moshi.

Tulikula miye na Estelle, chumbani kwetu, mashini tumezifunika. Alitaka kuvunja mufupa afyonze uboho, nikamushika mukono, nikamueleza. Akauliza, ni lazima nile nyama ya dini yenu kwa adabu hivi? Nikamuambia ndiyo. Akala kwa adabu. Halafu alilia, na miye.

Nyuma ya jikoni ya zamani sasa pameota migomba. Tulitafuta yale mawe matatu siku mbili. Tumepata mawili. Estelle ameyazungushia matofali, na kwenye moja amechora kwa musumari jina uliloandika.

Bado nina hasira. Nimetaka iishe, haijaisha. Mama angeweza kufa bila woga, na wewe ulikuwa na dawa yake kinywani.

Nywele zimeanza kuota. Zikifika za kusukwa, mvua ikiwa haijarudi, nitakuja Kasongo. Estelle atakuja na miye. Tutafika mchana, wakati wazee wote wako pa baraza. Utasimama, na utamusalimia yeye wewe wa kwanza.

Mutoto wako,
Hidaya