Sauti ya mama yenye telefone iliachilia

Mercredi, mangaribi

Mie na hii mudomo yangu! Asubui mama, na ile ugonjwa yake, alipata nguvu kidogo, akaanza kumubariki Albert, ndugu yetu mudogo mwenye anaikalaka Opala. Nikafungua telefone ishike sauti. Mama iko anasema, mie niko mu WhatsApp naangalia songisongi, maneno ya watu, ya ndoa ya jirani, na picha, na video. Niko nacheka pekee yangu.

Kurudia kusikiliza, sauti hakuna.

Papa moja mwenye anatengenezaka telefone ku soko akanambia: «Maman, memware yake, fasi ya kuweka vitu, iko kidogo. Ukifungua vitu mingi, inafunga yenye hauko unaangalia, ipate nafasi.»

«Na yenye imefunga, inaweka wapi?»

«Haiweke, Maman. Inaachilia. Ilikuwa haiyaichunga bado.»

Tangu midi, saa sita ya muchana, mama hasemi tena. Anatuangalia tu.

Kesho Albert anafika na baleinière, ile mashua ya mutoni, nilishamwambia sauti ya mama niko nayo. Bon, maneno yote iko mu kichwa yangu. Lakini kartié muzima, majirani wote, inajua mie naongezaka chumvi. Nikimupa ile baraka, ataniuliza: «Yaya, dada yangu, hii ni ya mama, ao ni ya kwako?»